Mwenda Tezi na Omo Asiyerejea Ngamani: Wabaski katika Vitabu Viwili

Muhula uliopita, katika somo la fasihi linganishi, tuliwaeleza wanafunzi wa mwaka wa tatu habari za Wabaski, watu wachache kwa idadi wanaoishi pande mbili za milima ya Pirenei, huko Uhispania na Ufaransa. Tulipofika kwenye jina lao tulisimama kidogo, maana ni jina la kumpendeza kila mwalimu wa lugha. Wenyewe hujiita euskaldunak, yaani "wenye Kibaski". Hawakujiita kwa mlima, wala kwa mto, wala kwa mfalme; walijiita kwa lugha. Asiyeijua huitwa erdaldun, mwenye lugha nyingine, hata kama babu zake wote wamezikwa katika kijiji hicho hicho. Tukawaambia wanafunzi kwamba hiyo ndiyo heshima ambayo lugha inastahili kupewa.

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. Yeye alizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, nchini Tanzania, ambako wazee wake walihamia baada ya kukimbia mwaka 1972. Alirudi Burundi akiwa mtoto. Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha baadhi yetu tunaomfundisha, ila Kirundi chake bado huchekwa sokoni. "Mwalimu," aliuliza, "mimi kwa hao Wabaski ningekuwa nani?" Tulimjibu haraka haraka kwamba utambulisho wa mtu una mambo mengi. Darasa likaandika jibu hilo kwenye madaftari kama lilivyo. Sisi tukarudi ofisini tukijua fika kwamba hatukujibu kitu.

Makala haya basi ni jaribio la pili la kujibu swali lile. Tutapita kwenye vitabu viwili vilivyoandikwa na Wabaski kuhusu Wabaski waliohama. Cha kwanza ni Sweet Promised Land cha Robert Laxalt, kilichotoka Marekani mwaka 1957. Cha pili ni riwaya ya Bernardo Atxaga, Soinujolearen semea, yaani "Mwana wa Mpiga Kodiani", iliyotoka kwa Kibaski mwaka 2003. Vyote viwili vinahusu methali ambayo sote tumeifundisha: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. (Tulipouliza darasani maana ya omo, nusu ya darasa ilitaja sabuni ya unga. Tuko mbali na bahari. Basi na ieleweke kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, na ngama ni shimo la chini ambamo maji huingia na mzigo hupangwa.)

Kwanza tuseme machache kuhusu wenyewe. Kibaski hakina undugu uliothibitishwa na lugha nyingine yoyote duniani. Kihispania na Kifaransa vinakizunguka pande zote, vyote viwili watoto wa Kilatini, nacho si mtoto wa Kilatini. Kitabu cha kwanza kuchapishwa katika lugha hiyo ni cha mashairi ya kasisi Bernard Etxepare, kilichotolewa mjini Bordeaux mwaka 1545. Akademia ya lugha, Euskaltzaindia, ilianzishwa katika miaka ya 1918 na 1919, na lahaja sanifu iliwekewa misingi huko Arantzazu mwaka 1968, Koldo Mitxelena akiongoza. Walimu wenzetu wanaojua jinsi Kiunguja kilivyoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kelele zilizofuata kutoka Mombasa, hawatashangaa kusikia kwamba Wabaski nao waligombana kwa miaka mingi, tena kwa kiasi kikubwa juu ya herufi moja tu, h.

Sababu ya kuhama ilianzia nyumbani. Kwa desturi ya Wabaski, shamba na nyumba havikugawanywa. Mtoto mmoja alirithi vyote, na waliobaki walitafuta njia nyingine: ukasisi, ubaharia, au Amerika. Hivyo utawakuta kila mahali ambapo meli za Wahispania zilifika. Juan Sebastián Elcano wa Getaria ndiye aliyekamilisha safari ya kwanza ya kuizunguka dunia mwaka 1522, baada ya Magellan kuuawa njiani. Juan de Garay aliuanzisha upya mji wa Buenos Aires mwaka 1580. Baadaye zikaja vita vya Wakarlisti katika karne ya 19, halafu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania na mabomu yaliyoangushwa Gernika tarehe 26 Aprili 1937. Mwezi uliofuata watoto wapatao 4,000 walipakiwa katika meli ya Habana wakapelekwa Uingereza. Chini ya Jenerali Franco, aliyetawala hadi alipofariki mwaka 1975, Kibaski kilifukuzwa shuleni na maofisini.

Kuna kisa kimoja ambacho hakimo katika vitabu hivi viwili, lakini hatuwezi kukiruka. Katika karne ya 16 na ya 17 Wabaski walivua nyangumi hadi Labrador, Kanada, na hadi Aislandi. Huko Aislandi kulitungwa faharasa za maneno ya Kibaski na Kiaislandi, na ndani yake mna sentensi chache za pijini iliyochanganya Kibaski na lugha nyingine za mabaharia. Ni vifungu vya kuombana chakula, kuuziana vitu na kutukanana. Mwanaisimu Nicolaas Deen alizichapisha faharasa mbili mwaka 1937. Huko huko Aislandi, mwaka 1615, wavuvi wa Kibaski zaidi ya 30 ambao meli zao zilivunjika waliuawa na wenyeji kwa amri ya mkuu wa wilaya, na amri hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2015 tu, miaka 400 baadaye. Tumekitaja kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia ughaibuni siku hizi tunafikiria majumba ya utamaduni na ngoma za Jumapili. Ughaibuni wa mwanzo wa watu hawa ulikuwa watu wenye njaa ufukweni, na orodha ya maneno.

Tuje sasa kwa Laxalt. Baba yake, Dominique, aliondoka kijiji cha Tardets, katika jimbo la Zuberoa upande wa Ufaransa, akiwa kijana wa miaka 16. Huko Nevada akawa mchungaji wa kondoo. Kazi hii wengi wa Wabaski walioingia magharibi ya Marekani hawakuja nayo kama fani. Waliikuta huko, wakaifanya kwa sababu haikuhitaji Kiingereza. Kondoo hana haja ya kuelewa lafudhi yako. Mchungaji alikaa milimani miezi mingi na mbwa wake, peke yake, na wapo waliorukwa na akili kwa upweke. Baada ya miaka zaidi ya 40 watoto wake walimshawishi arudi kuitembelea nchi yake, na Robert akafuatana naye. Kitabu ni masimulizi ya safari hiyo.

Kwa kawaida kitabu hiki husomwa kama hadithi ya mhamiaji aliyefaulu. Kwa upande mmoja wasomaji hao wana haki, maana mzee anapokelewa kijijini kama shujaa, naye anasimulia habari za jangwa na theluji hadi usiku. Lakini sisi tunaona kwamba uzito wa kitabu umo katika kurasa za mwisho, pale ndugu wanapomsubiri, naye anasita njiani, anageuka, na kumwambia mwanawe kwamba hapo si kwake tena. Laxalt hakulipamba tukio hili. Hakutia machozi wala mvua. Mzee anatembea tu, na mwana anamfuata nyuma. Methali yetu imevunjwa pale, na imevunjwa kwa adabu kubwa: baharia amezunguka tezi na omo, amerudi ngamani, amekuta shimo la chombo alichokiacha limepangwa mizigo ya watu wengine.

Udhaifu wa kitabu nao usifichwe. Wanawake wamo, ila hawapewi nafasi. Mama, Theresa, ambaye ndiye aliyeendesha hoteli ndogo mjini Carson City na kulea watoto sita wakati mume yuko milimani, amewekwa pembeni ya hadithi. Tardets nayo imechorwa safi mno, kama picha ya kalenda. Umaskini uliomfukuza kijana wa miaka 16 hatuuoni vizuri. Na lililo kubwa kwetu sisi walimu wa lugha: kitabu kizima ni cha Kiingereza, na Kibaski kinasikika kwa mbali tu, kama sauti ya watu wanaozungumza chumba cha pili.

Je, hiki ni kitabu cha fasihi ya Kibaski? Kwa jina la euskaldun, hapana. Msomaji atakumbuka ubishi uliozuka kwetu Afrika Mashariki mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi alizoandika kwa Kiingereza. Wengine walimdai, wengine walimkana, na wengi katika pande zote mbili walikuwa hawajamsoma. Kwa Laxalt tunalo jambo la kutusaidia kuamua, nalo ni lile lililotokea baada ya kitabu kutoka. Mwaka 1959, miaka miwili baadaye, ilifanyika katika mji wa Sparks, Nevada, sherehe kubwa ya kwanza iliyowakutanisha Wabaski wa majimbo mbalimbali ya magharibi. Laxalt mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioipanga. Watu waliokuwa wakijulikana kama "wachunga kondoo" tu, wengine wakitoka upande wa Uhispania na wengine wa Ufaransa, wasioelewana vizuri hata lahaja, wakaanza kujitambua kuwa ni kundi moja. Hatudai kwamba kitabu peke yake kilifanya hayo. Lakini kitabu cha lugha ngeni kiliwapa watu hawa sura yao waitazame, na hilo kamusi ya Euskaltzaindia isingeliweza kulifanya kule Nevada.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kulikuwa na fasihi nyingine kwenye milima ile ile. Wachungaji walichonga majina, tarehe, matusi, picha za wanawake na malalamiko juu ya ukame na mabwana zao kwenye maganda ya miti ya aspeni. Mtafiti Joxe Mallea-Olaetxe aliyakusanya mengi, na mwaka 2000 akatoa kitabu juu yake. Aspeni si mti wa kuishi sana. Mingi hufa kabla haijatimiza miaka mia. Kwa hiyo maktaba hiyo inaanguka yenyewe mti kwa mti, na sehemu kubwa imekwisha kuanguka. Tukilinganisha, tunaona kwamba waliochonga walikuwa "wenye Kibaski" halisi, na wengi wao walichonga kwa Kihispania au Kifaransa, kwa sababu lugha yao hawakufundishwa kuiandika. Hapo ndipo sifa tuliyolipa lile jina darasani ilipoanza kutuwasha.

Atxaga anaanza mahali ambapo Laxalt aliishia. Jina lake la kuzaliwa ni José Irazu Garmendia, mzaliwa wa Asteasu mwaka 1951, na tayari alikuwa amejulikana kwa Obabakoak, kitabu kilichotoka mwaka 1988 na kupata tuzo ya taifa ya Uhispania mwaka 1989. Katika Soinujolearen semea, David Imaz amekulia Obaba, kijiji cha kubuni. Baba yake ni mpiga kodiani na mtu wa upande wa Franco, na kijana anagundua daftari lenye orodha ya majina ya watu waliouawa kijijini wakati wa vita. David anaingia katika kundi la kupigana kwa silaha, anafungwa, anatoka, na mwishowe anahamia shamba la farasi la mjomba wake, Stoneham, karibu na Three Rivers, California. Huko anaoa Mmarekani na kupata mabinti wawili, na kabla ya kufa mwaka 1999 anaandika kumbukumbu zake kwa Kibaski.

Hapa ndipo kisu kinapoingia. Kumbukumbu hizo zinachapwa nakala tatu tu: moja kwa ajili ya mabinti, moja kwa ajili ya marafiki wa kikundi cha usomaji cha Three Rivers, na moja kwa ajili ya maktaba ya Obaba. Nakala mbili kati ya hizo tatu zimekabidhiwa watu wasioweza kuzisoma. Mke mwenyewe hawezi. Rafiki wa utotoni, Joseba, ambaye ni mwandishi, ndiye anayezichukua na kuziandika upya, na riwaya tunayoisoma ni kazi ya mikono miwili, ya marehemu na ya aliyebaki. Tunauliza: mtu anayempenda mke wake anamwandikia kitabu asichoweza kukisoma kwa sababu gani? Wapo watakaosema ni ukaidi wa utaifa. Sisi tunaona ni kinyume chake. David alikuwa na mambo ambayo hayakuwahi kutokea kwa Kiingereza. Kuyasema kwa Kiingereza kungekuwa kuyatokeza mara ya pili, mahali pengine, kwa watu wengine.

Katika riwaya hiyo kuna tukio ambalo tungependa kila mwalimu alisome. David na mabinti zake wanachukua maneno ya zamani ya Kibaski, wanayaandika kwenye vipande vya karatasi, wanayatia katika visanduku vya viberiti na kuyazika shambani, kwenye makaburi madogo ya wanyama wao wa kufuga. Ni mchezo wa watoto. Wahakiki wengi huuona kama alama ya lugha inayokufa. Lakini tazama kinachofanyika: ili kulizika neno, binti yule wa California lazima alisikie, alitamke na aelezwe maana yake. Hakuna aliyewahi kuwafundisha watoto hawa Kibaski kwa bidii kuliko yule mzikaji.

Riwaya hii ilipata shambulio maarufu. Tafsiri yake ya Kihispania ilipotoka mwaka 2004, mhakiki Ignacio Echevarría aliichana vibaya katika gazeti la El País, akishutumu jinsi ilivyoyapamba maisha ya kijijini na jinsi ilivyolichukulia suala la ETA kwa wepesi. Uhakiki huo ulizua zogo, na baadaye Echevarría akaachana na gazeti hilo, ambalo lilikuwa mali ya kampuni ile ile iliyomiliki wachapishaji wa riwaya. Tunaamini ni aibu mhakiki kupoteza ukurasa wake kwa sababu ya uhakiki mkali, na tunasema hivyo ingawa hatukubaliani naye katika yote.

Mahali alipokuwa na haki ni hapa. ETA, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kujivunja mwaka 2018, iliua watu zaidi ya 800. Katika riwaya, walioonewa na upande wa Franco wana majina na nyuso, lakini waliouawa na wenzake David hawaonekani. Msomaji anatoka na huruma kwa aliyeshika bunduki na kuitupa. Kwa aliyepigwa hatoki na kitu. Udhaifu huu hauwezi kufunikwa kwa uzuri wa mandhari. Mahali alipokosea ni pale alipoona wakulima wa Obaba kuwa mapambo. David hawapendi kwa sababu wana roho safi. Anawapenda kwa sababu wana maneno ambayo watu wa mjini hawana. Pendo lake ni la msamiati. Sisi tuliowahi kukaa na wazee tukiandika majina ya samaki wa Ziwa Tanganyika au majina ya migomba tunalifahamu pendo hilo, na tunajua kwamba ni kazi, tena ya jasho.

Hapo hatuna budi kukiri jambo. Echevarría alimsoma Atxaga kwa Kihispania. Sisi tumemsoma kwa Kiingereza cha Margaret Jull Costa, kilichotoka mwaka 2007, nacho kilitafsiriwa kutoka kwenye Kihispania. Tunahukumu chakula kwa kunusa sahani iliyokwisha oshwa mara mbili. Ikiwa kuna ladha katika maneno yale yaliyozikwa, haikutufikia.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Tuliposoma zaidi tuligundua kwamba Wabaski wenyewe walilichoka jina lao lilipokuwa ukuta, wakalifungua. Wanalo neno euskaldun berri, "mwenye Kibaski mpya", yaani aliyejifunza lugha ukubwani, awe mtoto wa wahamiaji kutoka Andalusia au mjukuu wa mchungaji aliyezaliwa Boise, Idaho, ambako tangu mwaka 1998 kuna shule ya awali inayofundisha kwa Kibaski. Jina halisemi aliyezaliwa na lugha. Linasema aliye nayo. Kitu ulicho nacho unaweza kukipoteza, unaweza kukipata. Damu haina mlango wa namna hiyo. Wakati huo huo serikali yao ya jimbo ilitunga sheria mwaka 1994 ya kuzitambua jumuiya za Wabaski zilizo ng'ambo pamoja na vituo vyao, na wengi wa watu hao hawajui zaidi ya salamu. Kwa hiyo Wabaski wanahesabu kwa mizani mbili, na wanajua kwamba ni mbili.

Tulimweleza hayo. Tukamwambia kwamba kwa mizani ya kwanza angekuwa erdaldun aliye njiani, na kwa ya pili angekuwa mtu wa nyumbani tangu siku ya kuzaliwa. Alifikiri, akasema kwamba ile ya kwanza inauma lakini angalau inampa kazi ya kufanya. Hatukuwa na la kuongeza.

Wiki iliyofuata tuliwaagiza wanafunzi wote walete kila mmoja kisanduku cha kiberiti chenye neno moja ambalo nyumbani kwao halitumiki tena, katika lugha yoyote. Vilikuja visanduku 23. Yapo maneno ya Kirundi ya vyombo vya maziwa, yapo ya Kiswahili cha Buyenzi ambayo hayamo katika kamusi yoyote tuliyo nayo ofisini. Mmoja alileta "ngama". Yule kijana wa Mishamo alileta neno la Kirundi la bibi yake, ambalo darasani hakuna aliyelijua, hata sisi. Bado tunalitafuta, kisanduku chake kiko juu ya meza ya idara, na anayetaka kujaribu anakaribishwa.